Msafiri Niliyembeba Mgongoni

Kaka, acha unachofanya usome hii.

Yule mtalii mwandishi niliyemwongoza mwaka juzi karudi hotelini kwetu na kitabu chake. Leo mchana katusomea ukumbini, wageni wamejaa, meneja kakaa mbele.

Anasoma eti alivuka mto uliofurika peke yake, "huku mwenyeji wangu bubu akinitazama kwa hofu."

Bubu! Mimi! Mimi ambaye wewe hunikatia simu kwa kuzidisha maneno!

Mtu yule nilimbeba mgongoni, kaka. Analia, anamwita mama yake. Na maji yenyewe yaliishia magotini!

Nikasimama. "Huyo bubu ni mimi. Hebu waambie nani alimvusha mwenzake."

Mke wa mwandishi akamgeukia mumewe: "Si uliniambia ulivuka peke yako?"

Jamaa anajitetea. Eti hivyo ndivyo vitabu vya safari vinavyoandikwa, lazima msafiri awe shujaa. Shujaa wa maji ya magotini!

Meneja kaniita ofisini: "Muombe mgeni radhi, la sivyo huna kazi."

Nimevua kitambulisho nikamwachia mezani.

Kazi sina, kaka. Nakuja kwako kwa miguu, nacheka peke yangu barabarani kama mwehu.