Katriji Tatu Nilizozirudisha Dukani

Baba Rehema,

Ungecheka kuniona naandika kwa mkono wakati kompyuta yako iko hapa pembeni, imefunikwa kile kitambaa chako cha maua. Siku hizi sitaki kelele za mashine. Nimo ndani ya eda, sitoki, na watu wakija kunipa pole wananitazama usoni, kisha wanatazama sakafu. Wanatafuta machozi. Sina. Tangu siku ile nimekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nakula nikipewa chakula, nalala nikiambiwa nilale.

Nataka kukusimulia habari za katriji za wino, kwa sababu hakuna mwingine atakayeona kwamba ni habari.

Unakumbuka shirika lenu lilipouzwa mkapunguzwa kazi? Wenzako kiinua mgongo walinunulia majokofu ya kuuzia soda. Wewe ulipandisha kompyuta iliyotumika na printa hadi ghorofa ya tatu hapa Mchafukoge, ukaviweka sebuleni palipokuwa na kabati langu la vyombo. Nilinuna wiki nzima. Ndugu zako walisema umerogwa. Lakini mjini hapa harusi haziishi, na kila harusi ilitaka kadi za mchango, na haukupita muda mafundi wa Gerezani na wafanyabiashara wa Kariakoo wakawa wanapanda ngazi zetu kumuulizia mzee wa kadi.

Mimi nilipanga maneno, wewe ulinunua wino. Siku moja tu ulinipeleka dukani kwa Bwana Kanti kule Kariakoo, nami nikasimama nyuma yako kama mkwe. Ulitoa mfukoni katriji tupu iliyofungwa kwenye nailoni, ili asije mtu akakudanganya namba. Alizokuletea ulizikagua moja moja. Ulitazama kama boksi limefunguliwa likagundishwa upya. Ulisoma tarehe. Uliitikisa katriji karibu na sikio. Halafu ukagusisha mdomo wake kwenye karatasi laini iliyoloweshwa, ukasubiri. Doa likisambaa upesi na kutoa rangirangi, hiyo imejazwa mitaani. Likitulia jeusi tupu, hiyo ni orijino. Wateja wengine walikuwa wanapumua kwa nguvu nyuma yetu. Ukanigeukia ukasema, "Wino mzuri hauna haraka."

Sikukukumbusha, mbele za watu, ile siku uliyoona orijino ni ghali ukajaza katriji kwa bomba la sindano na wino wa kalamu. Picha ya bwana harusi kwenye kadi ikatoka zambarau. Ulikaa kitini umeshika kichwa, unasema nani atapokea kadi hizi. Kumbe shangazi yake bibi harusi alizipenda, na mwezi mzima tukawa tunaulizwa kama bado tunazo za zambarau. Nilikutania kwa hilo miaka yote. Leo nikilikumbuka najua ni la kuchekesha, lakini kicheko hakiji.

Sasa sikiliza. Arobaini yako ilipokaribia, mdogo wako Hamisi alisema tutoe kadi za kualika watu kwenye hitma. Akataka kuzipeleka kwenye duka la kadi hapo chini. Nikakataa. Nikamwambia mtu aliyewachapia kadi mji mzima hawezi kualikiwa hitma kwa mashine ya watu. Nilisema kwa ukali. Maneno nilikuwa nimeshayapanga kwenye kompyuta. Yalibaki kutoka tu. Katriji nyeusi ilikuwa imekwisha.

Mimi siwezi kwenda Kariakoo, unajua. Nikamtuma Rehema kwa Bwana Kanti na ile tupu, imefungwa kwenye nailoni kama ulivyofanya. Akarudi na mpya jioni, ameloa, barabara zimejaa maji. Nikalitazama boksi nikaona gundi imekaa vibaya upande mmoja. Nikamwambia arudishe. Ya pili alileta Hamisi mwenyewe. Nikasema tarehe yake imekaribia mno. Ya tatu akaileta Rehema, nikaitikisa, nikasikia kama imepungua. Irudishe.

Zilikuwa zimebaki siku tano. Hamisi alisimama mlangoni akasema, "Shemeji, watu hawaaliki hitma baada ya hitma." Hakuwa amekosea, lakini nilimwambia kama angekuwepo kaka yake asingekubali wino wa ovyo. Akaondoka bila kuaga. Rehema alijifungia chumbani. Alikuwa amechoka kupanda na kushuka kwa ajili yangu, nami sikumwonea hata huruma. Sikuwa na kitu cha kumwonea.

Kesho yake mchana ukagongwa mlango. Ni Bwana Kanti, amefunga duka mwenyewe, amepanda ghorofa tatu na magoti yale. Ni Mhindu lakini amezaliwa mtaa huu, mambo yetu anayajua. Hakuomba kuingia. Alibaki kwenye ngazi, mimi nyuma ya pazia, Rehema katikati anapokea na kupitisha. Alikuja na katriji sita, na karatasi laini, na kikombe kidogo cha maji. Nilizikagua zote. Ya kwanza nikasema mfuniko wake umekwaruzwa. Ya pili nyepesi. Ya tatu nikaigusisha kwenye karatasi, doa likatulia jeusi, nami nikasema nadhani naona ubluu kidogo pembeni.

Alisubiri mpaka nikamaliza sita. Kisha akasema taratibu, "Mama Rehema, zote hizi nzima. Na zile tatu ulizorudisha, nazo zilikuwa nzima."

Nikaichukua tena ile ya kwanza. Nilisikia Rehema anavuta pumzi.

Akasema tena, "Mimi mke wangu alipofariki, miezi mitatu sikubadilisha jina lake kwenye mkataba wa duka. Kila siku nasema kalamu mbaya."

Alinipa pole, akashuka ngazi pole pole. Katriji moja aliiacha juu ya rafu ya viatu mlangoni.

Nilikaa nayo mkononi mpaka alasiri ikapita. Mume wangu, mimi nilikuwa najua. Sikutaka neno lile litoke. Kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa ni mwanga tu, naweza kulifuta. Likishakaa kwenye karatasi, likapelekwa kwa watu na kuwekwa juu ya makabati yao, basi limekaa.

Nikaiweka katriji. Nikachapa moja ya majaribio. Nikampa Rehema aisome kwa sauti, maana kazi hii haina kurekebisha ukishachapa zote. Alisoma tarehe, akasoma mahali, sauti yake iko sawa. Alipofika kwenye "marehemu" akasimama, kisha akalisoma, na jina lako likafuata nyuma yake kamili, la kwako na la baba yako.

Akaniuliza, "Kuna kosa, mama?"

Nikatafuta kosa. Nilitafuta kweli, herufi kwa herufi. Nikamwambia hakuna. Tulichapa mia mbili, zote nyeusi, na hitma ikasomwa kwa siku yake.

Machozi bado hayajaja. Huenda yatakuja eda ikiisha, nikishuka ngazi peke yangu nikakutana na watu wanaokuulizia. Sitasubiri mtu anisemee. Umekufa, Baba Rehema. Neno hilo nimelichapa mwenyewe, na nitaweza kulisema.

Lala salama, mume wangu, na Mungu akupanulie ulipo.

Mkeo,
Mama Rehema