Picha ya Utotoni

Chizuru weee! Kaa chini kwanza.

Mwalimu Kuwabara amenikamata kwenye ukaguzi wa nywele. Eti za kahawia, nimepaka rangi, na rangi ni marufuku. Nikamwambia nimezaliwa nazo. Anajibu, "Basi kesho uje umezipaka nyeusi."

Nizipake! Si kasema kupaka ni marufuku?

Nikamuuliza hivyo hivyo, darasa zima linasikia. Akaiva uso. "Leta picha yako ya utotoni, tuone nywele zako halisi."

Picha ya utotoni, Chizuru! Kama mhalifu!

Mama kafukua albamu yote. Unajua tumepata nini? Nina miezi mitano, nimepakatwa na Bibi, kichwa kama yai. Hata unywele mmoja hakuna!

Mama kajishika kichwa. Bibi, unavyomjua, kacheka mpaka kakohoa, halafu kawasha ile mashine anayonyolea wazee wa mtaani. "Si anataka ulivyozaliwa? Njoo ukae hapa."

Nimepekua kijitabu cha sheria mara mbili. Msichana kunyoa upara hakujakatazwa popote.

Ninavyokuandikia hivi, upande wa kushoto umeshaisha. Kesho nampelekea picha na kichwa, alinganishe.