Mguu Mmoja Bila Gambuti

Karagita, Naivasha
9 Juni 2025

Kwako Mum,

Habari ya huko Longonot? Goti linaendeleaje? Mimi niko salama, na kazi ya picha haijanitupa. Jumamosi nilikuwa na arusi Kihoto.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningelia. Leo nimenunua pakiti ya mala, maziwa ya mgando, ya ile kampuni mpya ya Nakuru. Nembo yao ni mwanamke anayecheza, sufuria juu ya kichwa, mguu mmoja una gambuti, mwingine mtupu. Mum, ni wewe. Ni ile picha niliyokupiga siku mvua iliporudi baada ya ukame, gambuti yako ikabaki kwenye matope. Niliiweka Facebook. Nimelaza nembo juu ya picha kwenye kompyuta: vidole, fundo la leso, kila mstari unalingana. Hawakutuuliza.

Nataka kuwaendea ila naogopa. Wakisema ni mwanamke yeyote tu, nitajibu nini?

Bintiyo,
Wariara

Longonot
14 Juni 2025

Binti yangu,

Nimepokea salamu. Goti linauma nikikaa, kwa hivyo sikai.

Nilienda dukani kwa Mathenge nikaitazama hiyo pakiti mpaka akaniuliza kama imeharibika. Ni mimi kabisa, ingawa wamenipunguza kiuno. Nilicheka nikashikilia kaunta. Lakini nikiwa njiani kurudi niliudhika kwa ajili yako. Siku hiyo ulinyeshewa ukifunika kamera kwa sweta yako mwenyewe.

Tulia kwanza. Usiende popote.

Mamako

Longonot
21 Juni 2025

Wariara wangu,

Natumaini umeamka vizuri. Usinikasirikie. Jana nilienda Nakuru.

Nilivaa gambuti na ile leso. Msichana wa mapokezi alinitazama, akatazama nembo ukutani, akasimama bila kuniuliza namtaka nani. Mwenye kampuni, Bwana Kiplangat, alimwita mchoraji wao, Okeyo. Huyo hakukana. Alisema aliipata picha mtandaoni, watu wameisambaza bila jina, akaichora kwa kuifuatisha akidhani haina mwenyewe.

Nikamwambia, "Mwenyewe yuko. Ni binti yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nacheza."

Kiplangat aliomba msamaha, akataka tuelewane pale pale. Nilikataa. Nilimweleza kwamba kucheza nilicheza mimi, lakini picha ni yako, kwa hivyo akutafute wewe. Chai yao nilikunywa. Ilikuwa na maziwa mengi.

Mamako

Karagita
30 Agosti 2025

Mum,

Hamjambo huko? Ng'ombe amezaa? Mimi nina afya na furaha mpaka nashindwa kula.

Barua yako ilinikasirisha mpaka nilipofika pale kwa msichana wa mapokezi, hapo nikacheka barabarani peke yangu. Kiplangat alikuja na Okeyo. Niliwaonyesha picha yenyewe, ile ya kwanza kutoka kwa kamera, na Okeyo akaniomba radhi akinitazama machoni. Walikubali kutulipa sisi wawili, na jina langu liandikwe chini ya nembo. Kiuno chako nacho kirudishwe. Halafu wakaniuliza kama naweza kuwapigia picha wakulima wanaowaletea maziwa, kuanzia Njoro hadi Molo. Nimekubali.

Leo pakiti mpya zimefika hapa Karagita. Mama mmoja mbele yangu dukani aliigeuza yake, akasoma polepole, "Picha na Wariara Kihara." Akamuuliza mwenye duka huyo ni nani.

Nikasema, "Ni mimi."

Bintiyo,
Wariara