Wamucii, Uyoga Wako na Sufuria Uliyoimwaga

Mama, mwaka umetimia leo, tarehe 19 Aprili 2009, tangu ututoke, na nyumba ya Mutuini bado imejaa makaratasi yako.

Ulipostaafu kazi ya kupiga taipu mjini ulisema sasa utapumzika. Hukupumzika. Ulinunua kamera ndogo, ukawa unainama kila penye uyoga, kuanzia nyasi za Woodley hadi shambani kwetu. Kofia ya uyoga uliilaza juu ya karatasi nyeupe, ukaifunika kwa bakuli hadi kesho yake, ili unga wake udondoke uone rangi. Ole wake aliyegusa bakuli hilo.

Kisha safari ya saiba, kule kwa kompyuta za kulipia, Riruta. Picha moja ilichukua nusu saa kupanda kwenye ile tovuti ya wapenda uyoga, nawe ukingoja kwa utulivu kama uko kanisani. Watu wa nchi ambazo hukuwahi kufika walikujibu kwa jina. Tulikutania kwamba hao ndio ndugu zako siku hizi, nawe ulifurahi kabisa.

Lakini kuna Jumapili moja ya mwaka 2006 tuliyokukosea. Naliaka, aliyekuwa ameolewa na mwanao Kuria majuzi tu, alituchumia na kutupikia uyoga mkubwa mweupe, akiamini ndio ule wa kwao Bungoma. Mmoja alikuwa amekupa wewe jana yake. Sisi wakwe zake tulishanawa mikono. Ukatoka saiba mbio, ukaingia jikoni, tukasikia sufuria ikianguka. Ulisema mkono umeteleza. Tulikula ugali na sukuma, na tangu siku hiyo hatukukuruhusu kubeba sufuria. Tulikucheka miaka miwili, nawe ukacheka pamoja nasi.

Wiki ya matanga, Naliaka alisimama akatueleza. Unga kwenye karatasi yako ulikuwa wa kijani, na watu wa tovuti walikuambia uyoga huo ni sumu. Uliimwaga sufuria makusudi, ukamnong'onezea: "Usiwaambie. Wewe ndio umeingia hii nyumba juzi. Mimi wamenizoea."

Utusamehe vile vicheko, Mama. Tunakushukuru, na tunajivunia kuwa wako.

Wanaokukumbuka: mumeo Muchiri, wanao Kuria na Debra, mkaza mwana wako Naliaka, na mjukuu wako Wamucii, ambaye Jumapili ile alikuwa tumboni mwa mamake na hakuna aliyejua. Hatutakusahau maisha yetu yote.