Inspekta Miwani Amerudi, Baba, na Umeme Umekatika

Kwako Baba, mwenye kiti cha kamba karibu na mlango,

Nimeona nikuandikie kabla hasira hazijaisha zote, maana zimeanza kupoa, na mimi zikipoa huwa nasahau nusu ya maneno. Inspekta Miwani amerudi kwenye televisheni. Ndiyo, yule yule mpelelezi wetu wa Jumamosi jioni, aliyekuwa akifuta miwani kwa tai kabla ya kumuuliza mtu swali. Wamemtengeneza upya, na wamemharibu, ingawa utaona huko mbele kwamba sikubaki na kinyongo.

Unakumbuka chumba chetu katika nyumba za polisi, vita vikiwa vimekwisha juzijuzi. Televisheni yenyewe ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, uliyoachiwa na rafiki yako aliyehamishwa. Kazi yangu ilikuwa antena. Nilisimama nje nimeshika mti wake, nikiuzungusha polepole, nawe unasema kupitia dirishani, bado, bado, hapo hapo usitikisike. Sehemu nyingi za mchezo ule nilizitazama nikiwa uani, nikichungulia dirishani juu ya kichwa cha Mama Nakato. Huyo jirani yetu hakukosa hata Jumamosi moja. Alikuja mapema na mkeka wake, akautandika mbele kabisa, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Mumewe hakuwa amerudi kutoka vitani, na sote tulijua harudi tena.

Kiingereza cha wazungu wa mchezo ule kilitupita wengi wetu, kwa hiyo ulitufafanulia wewe. Lakini kazi yako kubwa ilianza umeme ulipokatika. Na umeme wa siku zile ulikuwa na visa: ulimngoja Inspekta afute miwani, ainue kidole, ndipo uende zake. Nyumba nyingine watu waliguna na kutawanyika. Kwetu hakuna aliyenyanyuka. Mama Nakato alisema tu, "Afande, malizia." Nawe ukakohoa mara mbili, ukasema, "Sasa sikiriza maerezo," kwa ile r yako inayomeza l, kana kwamba uko kaunta kituoni.

Mchana kutwa kazi yako ilikuwa kuandika maelezo ya watu kwa mkono, waliyoyaona na waliyoyasikia, na nadhani ndiyo maana ulijua kumaliza kuliko waliotunga mchezo wenyewe. Mpelelezi wako hakukimbia. Alienda kwanza kwa mtu anayefagia ua, maana ulishikilia kwamba anayefagia ndiye anayejua nani ameingia na nani ametoka. Kisha aliketi, akanyweshwa chai, na mkosaji akasema mwenyewe. Katika miisho yako yote hakupigwa risasi mtu. Ukifika mwisho ulifunga kwa maneno ya kazini, "Imesomwa mbere yake, amekubali," na watu wakaenda makwao wameridhika.

Ule wa pete ndio ninaoupenda kuliko yote. Bibi kizee tajiri, anaishi peke yake, pete yake ya ndoa imeibwa. Inspekta akafuta miwani, umeme ukaenda. Ukatuambia mfagiaji alisema kwamba kila asubuhi huyo bibi huweka vikombe viwili mezani na kunywa kimoja. Inspekta akaketi, akanywa kile cha pili. Bibi akamtazama mpaka akamaliza, ndipo akafungua kopo la sukari, na pete imo humo. Aliificha mwenyewe ili waje watu wa kuzungumza naye. Mama Nakato alijifuta macho kwa ncha ya gomesi, lile gauni lake refu la mshipi, akasema ni moshi wa sigiri ya makaa, na sigiri ilikuwa nje.

Jumatatu nikausimulia shuleni. Msichana mmoja ambaye kwao walikuwa na jenereta akaniambia mbele ya darasa zima kwamba mwizi alikuwa dereva, na alifukuzwa kwa gari akapigwa risasi. Walinicheka hadi kengele ikalia. Nilirudi nyumbani nimevimba, nikakwambia umenidanganya. Hukukasirika. Uliendelea kupiga kiatu chako rangi, ukasema, "Ile ya televizoni ilikamata mutu. Mimi nilikamata mwenye alifanya." Kisha ukaongeza kwamba bunduki tumezisikia za kutosha.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu. Tangu tukuzike, sauti yako ilikuwa inanitoka akilini. Picha tunazo, ile ya sare na ile ya sikukuu ya Idi, lakini sauti hatukuinasa hata siku moja. Maneno yako nayakumbuka, ila nikiyasikiliza kichwani nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe, kwa Kiswahili changu cha kufundishia, kile ulichokuwa ukinitania kwamba kimepigwa pasi. Inaumiza, Baba. Nilikaa nikijiuliza ni binti wa namna gani anayepoteza sauti ya baba yake.

Kwa hiyo niliposikia Inspekta Miwani anarudi, tena anaanza na kisa cha pete, nilifurahi kama mtoto. Nilidhani ule muziki wa mwanzo ukipigwa tu, utakohoa. Nikamwita Mama Nakato, ambaye sasa anakaa Bwaise kwa mwanawe. Akaja kwangu Ntinda Jumamosi mchana na mkeka wake, akayatazama makochi yangu kwa heshima zote, akautandika mbele yake, akakaa chini. Binti yangu Saida akaleta chai. Sikuwa na antena ya kushika, na mikono yangu haikujua ikae wapi.

Muziki wameubadilisha. Ngoma nyingi, filimbi hakuna. Inspekta mpya ni kijana wa kifua kipana, hana miwani. Miwani anayo mzee wa zamani mwenyewe, ambaye wamemleta kwa dakika tatu amkabidhi kijana, apigwe risasi, afe. Mama Nakato aliweka kikombe chini. Aliuliza kama kweli wamemwita mzee wa watu kutoka nyumbani kwake ili waje kumuua. Kijana naye hahoji mtu. Anatazama kompyuta, kompyuta inamjibu, muda uliobaki analia kwa sababu mkewe amemwacha. "Huyu anatafuta mwizi ama anatafuta bibi yake?" akasema Mama Nakato, na Saida akacheka mpaka chai ikamwagika. Ua wa yule bibi kizee ni mkubwa na safi, lakini hakuna anayeufagia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikikusikiliza, na hukuwamo.

Mvua ikashuka, ile ya Ntinda inayosimamisha magari barabara nzima. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi, kijana ameshamnyooshea mtu kidole, umeme ukaenda.

Mama Nakato, kwa mazoea tu, hakugeuza hata shingo, akasema, "Afande, malizia."

Kisha akakumbuka. Nilimwona mabega yakishuka, mkono ukienda kwenye ncha ya gomesi. Saida akanitazama, hajui tunamngoja nani. Na mimi, Baba, nilikohoa mara mbili. Sikukusudia. Nikasema, "Sasa sikiriza maerezo."

Ilikuwa sauti yako. Ilitoka kwangu, nzito kidogo puani, pasi hakuna kabisa. Nikampeleka Inspekta kwa mwenye anafagia. Nikaweka vikombe viwili mezani, nikamketisha, nikamnywesha polepole kama ulivyomnywesha wewe. Nilipofika kwenye kopo la sukari, Saida alilivuta la kwetu akachungulia ndani. Nikafunga kwa maneno ya kazini, na Mama Nakato akaitikia, "Amekubali," kama zamani.

Hapo umeme ukarudi. Kumbe yule msichana wa jenereta alisema kweli: dereva anakimbia, magari yanagongana, bunduki zimeshaanza kulia. Nimengoja mwisho ule tangu nikiwa mtoto. Nikanyoosha shingo nione.

"Zima hiyo," akasema Mama Nakato, anakunja mkeka. "Yetu imekwisha."

Nikazima, na sijauliza tena walimalizaje. Jumamosi ijayo atakuja tena. Saida ameniomba nizime mapema, kabla umeme haujafanya kazi hiyo. Pumzika, Baba. Ukikohoa nitakusikia.

Imesomwa mbele yangu, nimekubali.

Binti yako, yule wa antena