Mpira wa Kabureta na Jani la Isale

Mjukuu wangu Elia,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Bibi yako hajambo, na ng'ombe amezaa.

Unauliza kama unaweza kurudishia kabureta na mpira wake wa zamani uliopasuka. Mimi niliwahi. Nilikuwa fundi kijana hapa Moshi, nikafungua injini ya pikipiki ya mwinjilisti wetu. Nilipokuwa naifunga niliuona mpira wa kabureta umepasuka, nikaurudishia hivyo hivyo bila kumwambia. Alipokuwa akipanda mlima kwenda kijiji cha Mkuu, injini ikavuta hewa kwenye ule mpasuko, ikachemka hadi ikanoki, ikakwama kabisa. Alinilaumu mbele za watu, nami nikasema yeye ndiye hajui kuendesha.

Kesho yake akaniletea jani la isale, lile ambalo kwetu ukiombwa nalo msamaha hukatai. Nikalipokea, Elia. Nikamwambia nimemsamehe.

Alishafariki. Isale imejaa uani kwangu, sina wa kumpelekea.

Nunua mpira mpya.

Babu yako