Kiti cha Mama na Mashine ya Kariakoo

Engutoto, Arusha
4 Machi 1995

Kaka Godbless,

Shikamoo. Wifi Angel hajambo? Huku tuko wazima, ila miguu ya mama haijarudi tangu kile kiharusi. Kutwa anakaa ndani kule Nkoaranga, akisikiliza watu wakipita kwenda kanisani.

Basi sikiliza! Namtengenezea kiti cha magurudumu. Mimi mwenyewe! Unajua tangu nipate ile mashine ndogo ya kuchomelea, nikitoka kufundisha navua viatu vya shule, narusha cheche uani hadi jua lizame. Mabomba ninayo, magurudumu ya baiskeli ninayo. Shida ni maungio: yana mabonge kama uji uliomshinda mpishi. Mashine haina nguvu. Nasikia siku hizi Kariakoo mashine kubwa zimejaa madukani. Nitafutie moja, kaka, nakuomba!

Mdogo wako,
Nice

Dar es Salaam
20 Machi 1995

Mdogo wangu Nice,

Marahaba. Angel anakusalimu sana. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linalotunyanyasa.

Barua yako nimewasomea wenzangu dukani, wakapiga makofi. Mwalimu anachomelea vyuma! Mashine nimeshaiona: nyekundu, kubwa, muuzaji anaapa inaunganisha hata reli. Miaka ile ya maduka matupu, kitu kama hiki ungekiombea kibali mpaka uzeeke. Leo unaingia dukani, unanyoosha kidole. Pasaka nakuja nayo. Mwambie mama ajiandae!

Kaka yako,
Godbless

Engutoto
17 Aprili 1995

Kaka,

Shikamoo. Pasaka imepita na hukutokea. Naomba isiwe ugonjwa.

Sikuweza kukungoja. Juzi nilikipandisha kiti kijijini. Mama alikuwa ameshavaa kitenge kipya, anataka kukaa hapo hapo. Nikamwambia, "Mama, tuanze na gunia." Nikafunga gunia la mahindi kitini, nikakisukuma kwenye mteremko wa kahawa. Kabla sijafika kwenye migomba, ungio la chini likaachia. Gunia likabiringika hadi mferejini. Mama alilitazama, kisha akasema polepole, "Nivue kitenge." Nililia, kaka.

Leo nimekwenda kwa Solomoni, fundi wa gereji jirani yangu, nikamwomba nitumie mashine yake kubwa. Nilijua sasa mambo yatanyooka. Nikagusa bomba mara moja tu, tobo! Nikajaribu tena, tobo jingine. Solomoni alicheka hadi akakaa chini. Nikarudi nyumbani na hasira, nikalikata kwa msumeno lile ungio lililoachia. Ndani ni tupu! Juu limevimba, ndani halikushika popote. Kaka, si mashine. Ni mkono wangu unaokimbia. Usinunue kwanza.

Nice wako

Dar es Salaam
27 Aprili 1995

Nice,

Salamu nyingi. Mimi mzima, nilinyimwa likizo tu.

Umechelewa kuniambia. Mashine iko chumbani kwetu, na Angel ameshaanza kuanika kanga juu yake. Lakini hilo si kitu. Nimesoma habari za lile gunia nikakosa raha kabisa. Mama tunaye mmoja. Wewe ni mwalimu, mdogo wangu, si fundi. Usimkalishe kwenye kiti hicho mpaka nije mwenyewe na mashine. Nimesema.

Godbless

Nkoaranga
5 Juni 1995

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe, maana nimekuvunjia amri!

Tangu barua yako sijalala mchana hata siku moja. Kila nikitoka shule nasugua kutu, nachomelea vipande vya chakavu kwa mashine yangu ileile ndogo, navikata, natazama ndani. Tupu. Tena tupu. Kisha alasiri moja mlio ukabadilika, ukawa laini, kama mafuta yanayokaanga nyama. Nikatulia, nikaufuata taratibu. Nilipokata, ndani palijaa chuma, kimeshikana! Nilipiga kelele, majirani wakadhani nimeungua.

Nikaunda fremu upya. Nikaipiga nyundo. Nikafunga gunia. Halafu nikakaa mimi, Solomoni, niliyekuja naye kijijini, akanisukuma mteremko mzima, sala zote mdomoni. Ndipo nikamkalisha mama.

Jana, Pentekoste, tumempeleka kanisani! Watu walisimama, mchungaji akakatisha tangazo. Ibada ilipokwisha nikageuza kiti kuelekea nyumbani. Mama akashika gurudumu. "Siendi huko. Nipeleke kwa Hanna."

Unajua mama mdogo Hanna naye magoti hayamruhusu kupanda kilima. Hawakuwa wameonana tangu kiharusi kile. Tulimkuta anakanda unga. Akatazama, akarudi ndani, akatoka tena, akasema, "Ni wewe?" Mama akamjibu, "Nani mwingine angekuja kula kwako bila kualikwa?" Wakashikana, unga ukatapakaa hadi kichwani.

Mashine yako ilete, kaka. Mchungaji anataka geti la vyuma vinene, na sasa najua namna ya kuanza. Ila ukija Nkoaranga usimtafute mama nyumbani. Nilipomwambia jioni turudi, alinitazama kama mgeni. "Rudi wewe," akasema, "sisi bado hatujamaliza kuongea."

Mdogo wako,
Nice